Vita vya Msalaba dhidi ya Wakathari (1209–1229): uzushi ulikuwa sababu au kisingizio?

#1 Kigoda cha Mwalimu
Salaam, wakuu. Ninaleta hoja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu: vita vya msalaba vilivyopigwa kusini mwa Ufaransa kuanzia 1209 hadi 1229 vilikuwa vita vya ardhi vilivyovishwa kanzu ya kasisi. Kwa wasioifuatilia mada hii, Wakathari walifundisha kwamba ulimwengu huu wa vitu na miili si kazi ya Mungu mwema bali ni milki ya mwovu. Walikataa ubatizo wa maji, ekaristi na viapo, na viongozi wao, wanaume kwa wanawake, waliishi bila ndoa na bila kula nyama. Januari 1208 mjumbe wa Papa, Pierre de Castelnau, aliuawa karibu na Saint-Gilles, na lawama ikamwangukia Raymond VI, mtawala wa Toulouse. Papa Innocent III akatangaza vita, akawaahidi watakaokwenda rehema ileile waliyopewa waliokwenda Nchi Takatifu, tena akaweka wazi kwamba nchi za mabwana wanaowalinda wazushi zinaweza kutwaliwa na Wakatoliki. Ukishamwambia kabaila wa kaskazini kwamba kwa utumishi wa siku 40 atafutiwa dhambi, na kwamba mbele yake kuna ngome zisizo na mwenyewe, imani inabaki na kazi gani katika maelezo yako?

#2 Mlei wa Parokia
Mleta mada, hoja yako inaanguka Agosti 1209, yaani mwezi mmoja tu baada ya vita kuanza. Carcassonne ilipojisalimisha na bwana wake kijana, Raymond Roger Trencavel, kutiwa gerezani ambako alifariki Novemba ya mwaka huohuo, nchi yake ilitolewa kwanza kwa mtawala wa Burgundy na yule wa Nevers, na wote wawili wakakataa. Hawa ndio waliokuwa wakubwa wa jeshi lile. Walimaliza siku zao 40, wakarudi makwao. Aliyekubali ni Simon de Montfort, ambaye kwa ukubwa alikuwa nyuma yao kabisa, na majira ya baridi yalipoingia alibaki na wapiganaji wachache mno. Wezi wa ardhi hawaondoki ardhi ikiwa mezani.

Tena mumkumbuke Simon huyohuyo miaka saba nyuma. Katika Vita vya Nne vya Msalaba, wenzake walipokubali kuushambulia Zara, mji wa Wakristo, ili kulipa deni walilodaiwa na Venice, yeye alikataa na kujitenga nao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumweleza kwa tamaa peke yake.

#3 Msomaji wa Usiku
Mlei, unamsafisha mtu ambaye mwaka 1210, pale Bram, aliwatoboa macho na kuwakata pua na midomo mateka wapatao mia moja, akamwachia mmoja wao jicho moja ili awaongoze wenzake mpaka ngome ya Cabaret. Na kabla ya hapo kuna Béziers, Julai 22, 1209, ambako kiongozi wa msafara, Abate Arnaud Amaury, aliulizwa watawatofautishaje Wakatoliki na wazushi, akajibu wauawe wote kwa kuwa Mungu atawatambua walio wake. Maelezo gani mengine yanatakiwa?

#4 Mgogo wa Toulouse
Msomaji, Bram ni kweli, lakini jibu hilo la Béziers lishike kwa ncha za vidole. Aliyeliandika ni Caesarius wa Heisterbach, mtawa wa Ujerumani ambaye hakuwepo, na aliliandika miaka kadhaa baadaye katika kitabu cha visa vya kuwafunza watawa wapya, naye mwenyewe analitaja kama jambo lililosimuliwa. Tulicho nacho kutoka kwa Arnaud mwenyewe ni barua aliyomwandikia Papa, ambamo anasema bila kuona haya kwamba watu karibu 20,000 waliuawa bila kujali cheo, umri wala jinsia. Idadi hiyo nayo haiaminiki, kwa sababu wanahistoria wengi wanakadiria kwamba mji wote haukuwa na watu wengi kiasi hicho. Hata hivyo, kwangu barua ile inatisha kuliko ule usemi, kwa kuwa imeandikwa kama taarifa ya kazi iliyokwenda vizuri.

Kuhusu namna mji ulivyoanguka, shairi la wakati ule lililotungwa na Guillaume wa Tudela linaeleza kwamba baadhi ya wenyeji walitoka nje kuwachokoza wavamizi, na waliowafuata mpaka ndani ya malango walikuwa watumishi na wachukuzi wa kambi, wenye marungu, wala si mashujaa waliovaa chuma. Mashujaa walipofika wakawanyang'anya mali, na wale kwa hasira wakauchoma mji. Kwa hiyo tunazungumzia jeshi ambalo wakubwa wake hawakulimudu, au waliamua kutolimudu.

Niliishi Toulouse kwa masomo, na kila mwisho wa wiki nilipopata nauli nilikuwa barabarani. Ukiingia mkoa wa Aude vibao vinakukaribisha katika "Nchi ya Wakathari", na watalii wanapanda Quéribus na Peyrepertuse wakiamini kwamba wanazikanyaga kuta za wazushi. Sehemu kubwa ya kuta hizo zilijengwa na wafalme wa Ufaransa baada ya vita kuulinda mpaka na Aragon. Nilipomwambia hivyo mwongoza watalii mmoja, hakufurahi hata kidogo.

#5 Nahodha Mvita
Ahsante, Mgogo. Mwongoza watalii yule ana watoto wa kusomesha, ungemwacha.

Mimi naona nyote wawili, mleta mada na Mlei, mnamtazama askari mmojammoja badala ya kutazama nani alibaki na mali mwisho wa safari. Aliyebaki nayo ni taji la Ufaransa. Mkataba wa Paris wa 1229 ulimlazimisha Raymond VII, mwana wa Raymond VI, amwoze binti yake Jeanne kwa Alphonse, ndugu wa Mfalme Louis IX. Wanandoa hao walifariki 1271 bila mtoto, na Toulouse ikaingia mfukoni mwa mfalme. Nchi ambayo mwaka 1200 ilikuwa na lugha yake, washairi wake na uhusiano mkubwa zaidi na Barcelona kuliko Paris, ikawa jimbo la Ufaransa.

Na Barcelona isisahaulike. Mfalme Pedro II wa Aragon, Mkatoliki aliyevikwa taji na Papa huyohuyo, na ambaye mwaka 1212 alikuwa miongoni mwa wafalme walioshinda vita dhidi ya Waislamu wa Almohad pale Las Navas de Tolosa, aliuawa Septemba 12, 1213 huko Muret akiwatetea ndugu na watu wake dhidi ya jeshi la msalaba. Ni lini mtetezi wa Kanisa alishinda kwa jina la msalaba na kufa kwa mikono ya wabeba msalaba ndani ya miezi 14? Wanaosema kwamba vita ile ilikuwa ya imani watueleze Pedro alikuwa upande gani wa imani.

#6 Mlei wa Parokia
Nahodha, umeusoma mwisho wa kitabu kisha ukaufanya kuwa utangulizi. Mfalme Philippe Auguste aliombwa na Papa aongoze vita hivyo zaidi ya mara moja kabla ya 1209, akakataa, kwa sababu alikuwa akipambana na John wa Uingereza. Aliwaruhusu tu baadhi ya makabaila wake waende. Taji liliingia kwa nguvu 1226, wakati wa Louis VIII, tena mfalme huyo alifariki Novemba ya mwaka huo akiwa njiani kurudi. Njama ambayo mwenye kunufaika anaikwepa kwa miaka 17 ni njama ya ajabu.

Hata Papa hakuwa na msimamo mmoja. Mwanzoni mwa 1213 Innocent alisimamisha vita, akisema nguvu zielekezwe Nchi Takatifu, na akamlaumu Simon kwa kushambulia nchi zisizo na wazushi. Miezi michache baadaye akageuza uamuzi baada ya kushinikizwa na wajumbe na maaskofu wa kusini.

#7 Kigoda cha Mwalimu
Mlei, hapo umenisaidia bila kukusudia. Ikiwa Papa mwenyewe alimwandikia Simon kwamba anazitwaa nchi zisizo na wazushi, basi shahidi wangu mkuu ni Innocent III. Na mbona Mtaguso wa Nne wa Lateran mwaka 1215, ulioketi baada ya malalamiko hayo, ulimnyang'anya Raymond VI mji wa Toulouse na kumkabidhi Simon?

#8 Wakili Mkongwe
Naomba niingie kwa mlango wa sheria, kwa kuwa naona wote mnalitafuta kosa katika moyo wa mtu, na moyo haupelekwi mahakamani. Mwaka 1199 Innocent III alitoa waraka unaojulikana kwa maneno yake ya kwanza, *Vergentis in senium*, ambamo uzushi ulifananishwa na kosa la uhaini katika sheria ya Kirumi. Matokeo ya mfanano huo ni makubwa. Mhaini hufilisiwa, na warithi wake hufilisiwa pamoja naye hata kama wao wenyewe ni waumini wazuri. Kabla ya hapo, mwaka 1184, Papa Lucius III na Kaisari Frederick Barbarossa walikwisha kukubaliana pale Verona kwamba maaskofu wawatafute wazushi parokia kwa parokia, na watawala wa kidunia wawaadhibu.

Kwa hiyo swali la "imani au ardhi" linatenganisha vitu ambavyo sheria ya wakati ule ilikuwa imekwisha kuviunganisha. Kumwamini Mungu vibaya kulikuwa kosa la kupoteza shamba. Bwana aliyekataa kuwafukuza wazushi alikuwa amevunja wajibu wake wa utawala, sawasawa na anayewaficha waasi. Simon hakuhitaji kuchagua kati ya usafi wa imani na ngome, kwa kuwa hati moja ilimpa vyote viwili. Katika miaka yangu ya kesi za mirathi nimeshuhudia watu wakiapa kwa machozi ya kweli kwamba wanatetea heshima ya marehemu, na nyumba ya marehemu ikawa ndani ya ombi hilohilo. Sikuona unafiki.

#9 Msomaji wa Usiku
Wakili, kila uzi unaouingia unageuka kesi ya mirathi.

#10 Mti Mkavu
Nimewasoma kimya hadi hapa, na naona mmeruka swali la kwanza kabisa: je, hao Wakathari walikuwepo? Baadhi ya wanahistoria, R. I. Moore na Mark Pegg wakiwa miongoni mwao, wameeleza kwa miaka mingi sasa kwamba hapakuwa na kanisa la Wakathari lenye maaskofu wake na theolojia yake huko Languedoc, eneo hilo la kusini mwa Ufaransa, kabla ya vita. Walikuwepo wachaji wa vijijini walioitwa "watu wema" na "wanawake wema", waliosalimiwa kwa kupigiwa magoti, wakaalikwa chakula, wakapatanisha majirani. Watawa wa Cîteaux, wenzake Abate Arnaud, waliokwisha kusoma habari za Wamanikea, wafuasi wa dini ya kale ya kanuni mbili, ya wema na ya uovu, katika maandishi ya Mtakatifu Agostino, walipoingia katika vijiji hivyo waliona kile walichofundishwa kukiona. Kisha wakaja wachunguzi na orodha ya maswali, na mtu akiulizwa miaka 30 mfululizo maswali yaleyale hatimaye hujibu kwa maneno ya muulizaji. Kwa maelezo haya vita ndivyo vilivyowazaa wazushi.

#11 Mgogo wa Toulouse
Mti Mkavu, hoja hiyo ninaiheshimu, na kuna mahali inasimama imara. Katika uchunguzi mkubwa wa 1245–1246, ambao Wadominiko Bernard de Caux na Jean de Saint-Pierre waliuendesha Toulouse na kuwahoji watu zaidi ya 5,000, vijiji vizima viliitwa, na majibu mengi yanafanana kama yamepigwa chapa: nilimwona mtu mwema mahali fulani, nilimpigia magoti, sikumwamini, basi. Maktaba ya Toulouse ina nakala ya kumbukumbu hizo, nami niliwahi kuiona nyuma ya kioo. Ukitafuta humo mafundisho ya miungu wawili, utapata machache kuliko unavyotarajia.

Lakini hoja hiyo inaishiwa pumzi ukivuka milima kuingia Italia. Rainerius Sacconi, aliyekuwa Mkathari kwa miaka 17 kabla ya kuwa Mdominiko, aliandika mwaka 1250 orodha ya makanisa yao kwa majina na kukadiria kwamba viongozi wao waliowekwa rasmi, wanaume na wanawake, hawakufika 4,000 duniani kote. Vipo pia vitabu vilivyoandikwa na wazushi wenyewe, ikiwemo risala ya Kilatini inayotetea kanuni mbili, ya wema na ya uovu, na Agano Jipya katika lugha ya kusini lililoandikwa pamoja na ibada yao, ambalo limehifadhiwa Lyon.

#12 Mti Mkavu
Vyote hivyo ni vya baada ya vita, Mgogo. Sacconi anaandika miaka 41 baada ya Béziers. Niletee cha kabla ya 1209 kutoka upande wa kusini, kilichoandikwa na wao wenyewe, nami nitakaa chini.

#13 Mlei wa Parokia
Sina karatasi ya kabla ya 1209, ila nina watu. Huko Minerve, Julai 1210, wapatao 140 walipewa nafasi ya kukana na kuishi, na karibu wote wakachagua moto. Huko Montségur, baada ya kuzingirwa tangu Mei 1243, ngome iliomba masharti mwanzoni mwa Machi 1244, na askari waliokuwa wakiilinda wakapewa ruhusa ya kuondoka salama. Katika wiki mbili za kusubiri, watu kama 20, wakiwemo askari waliokwisha kuhakikishiwa uhai wao, waliomba kuwekewa mikono na kuwa viongozi wa Wakathari wakijua tarehe ya kufa kwao. Machi 16 walichomwa pamoja na wengine, zaidi ya 200 kwa jumla. Nilisoma historia ya Kanisa miaka miwili seminarini kabla ya kutambua kwamba wito wangu ni ndoa, na mwalimu wetu, padre mzee asiyependa utani, alikuwa akifika Montségur anafunga daftari na kusema hawa walikosea katika kila fundisho isipokuwa katika kufa. Mtu hafi kwa ajili ya jina alilobandikwa na mchunguzi.

#14 Nahodha Mvita
Mlei, na waliobaki Béziers je? Askofu wao aliwaletea orodha ya wazushi, majina zaidi ya 200, akawataka Wakatoliki wawatoe au watoke wenyewe, na wengi wakakataa. Hao hawakuwa wakifa kwa ajili ya kanuni mbili. Walikuwa wakiutetea mji wao na haki zake za kujiamulia, mji ambao mwaka 1167 wenyeji walimuua bwana wao, babu wa yule kijana wa Carcassonne, ndani ya kanisa la Maria Magdalena. Mtawa Pierre des Vaux-de-Cernay, mwandishi wa upande wa Simon, anasema waziwazi kwamba maangamizi ya 1209, yaliyotokea katika sikukuu ya Maria Magdalena, yalikuwa adhabu ya Mungu kwa kisa hicho. Ninaongeza kwa hiyo maelezo mengine juu ya lundo letu: kusini palikuwa na miji yenye kiburi na mabwana wasio na meno. Urithi uligawanywa kwa watoto wote hadi ngome moja ikawa na wamiliki kadhaa, na hakuna aliyeweza kumfukuza mzushi hata angetaka. Raymond VI mwenyewe alichapwa viboko hadharani Saint-Gilles, Juni 1209, akaapa kuwafukuza, na hakuweza.

#15 Binti Jozani
Shukrani kwa wote. Sijaona mtu akiwataja wanawake kwa zaidi ya nusu sentensi, wakati waliwaogopesha maaskofu sana. Esclarmonde, dada wa mtawala wa Foix, aliwekewa mikono Fanjeaux mwaka 1204, mbele ya kaka yake. Inasimuliwa kwamba katika mdahalo wa Pamiers wa 1207 alithubutu kusema, na mtawa mmoja akamwambia arudi nyumbani akasokote uzi. Huko Lavaur, Mei 1211, bibi wa ngome, Giraude, alitupwa kisimani na kufukiwa kwa mawe, kaka yake Aimery akanyongwa, na watu kati ya 300 na 400 wakachomwa. Na mkisoma habari za Juni 25, 1218, siku ambayo jiwe lililorushwa kutoka ndani ya Toulouse lilimpasua kichwa Simon de Montfort, shairi lilelile alilolianza Guillaume wa Tudela, katika sehemu iliyoendelezwa na mtunzi wa pili, linasema mtambo ule ulikuwa ukiendeshwa na wanawake na wasichana. Inaelekea walikuwa wamemaliza kusokota.

Dominiko mwenyewe, mwanzilishi wa Wadominiko, aliliona hilo mapema. Nyumba yake ya kwanza, Prouille, karibu 1206, ilikuwa ya wanawake, wengi wao wakiwa wametoka kwa Wakathari. Kwa maoni yangu familia ndogondogo za makabaila, zile ambazo Nahodha ameziita zisizo na meno, ziliwalea watu wema kwa sababu nyumba zao ziliwapokea mabinti na wajane ambao hawakuwa na mahari wala nafasi katika monasteri.

#16 Msomaji wa Usiku
Nasi turudi kusokota uzi wetu. Mbona hakuna aliyegusa mateso? Nilitarajia ukurasa mzima wa Inkwizisheni, zile mahakama za Kanisa za kuwasaka wazushi, na minyororo.

#17 Wakili Mkongwe
Kwa sababu kilichofanya kazi zaidi kilikuwa makaratasi. Mahakama hizo zilianza baada ya vita, Papa Gregory IX alipowakabidhi Wadominiko kazi hiyo miaka ya 1230, na ruhusa ya Papa ya kutumia mateso, *Ad extirpanda* ya Innocent IV, ilitoka 1252 kwa ajili ya Italia ya kaskazini. Waraka huohuo uligawanya mali zilizotaifishwa mafungu matatu: la mji, la maofisa waliofanya kazi, na la kutumiwa kwa ajili ya imani na kuwatafuta wazushi. Mwalimu wa #1 achukue hapo anachokitaka. Mshtakiwa hakuambiwa majina ya mashahidi, na wakili aliyemtetea angeweza kushukiwa kuwa mfadhili wa wazushi, kwa hiyo mimi ningekosa kazi au ningekosa uhai. Lakini adhabu za moto zilikuwa chache kuliko mnavyodhani. Bernard Gui, aliyehukumu Toulouse tangu 1307, aliwatia hatiani watu zaidi ya 600, na waliochomwa wakiwa hai walikuwa karibu 40. Wengine walifungwa, wakapewa hija, au wakavaa misalaba ya njano kwenye nguo, jambo lililowaharibia ndoa na biashara. Hata mifupa ilihukumiwa, ikafukuliwa na kuchomwa ili mali ya marehemu itwaliwe.

#18 Kigoda cha Mwalimu
Ninakichukua, Wakili, na ninaongeza kimoja. Guillaume Bélibaste, anayetajwa kuwa wa mwisho kati ya watu wema wa Languedoc, alichomwa Villerouge-Termenès mwaka 1321. Aliyemrubuni atoke mafichoni Hispania ni Arnaud Sicre, kijana aliyejifanya muumini. Mama yake Sicre alichomwa kama mzushi na mali yake ikatwaliwa, na kijana alikubali kazi hiyo ili arudishiwe urithi. Yote yamo katika kumbukumbu za Jacques Fournier, askofu wa Pamiers ambaye baadaye alikuwa Papa Benedict XII. Zaidi ya miaka 100 baada ya Béziers, kilichommaliza mzushi wa mwisho ni shamba.

#19 Binti Jozani
Mwalimu, katika kumbukumbu hizohizo Bélibaste anaonekana akiishi na mwanamke aitwaye Raymonde huku akidai ni mtakatifu asiyegusa mwanamke, na alipotaka kuficha aibu alimwoza Raymonde kwa mchunga kondoo Pierre Maury kwa siku chache kisha akaivunja ndoa. Pierre Maury aliyajua hayo, na bado aliendelea kumlisha na kumwita bwana wangu. Hiyo nayo utaieleza kwa shamba?

#20 Mlei wa Parokia
Na Fournier huyohuyo, katika miaka yake yote ya uchunguzi pale Pamiers, aliwapeleka motoni watu watano tu, wanne kati yao wakiwa Wavaldo, watu maskini waliokataa kuapa, basi. Mwalimu, watafutie shamba hao wanne.

#21 Kigoda cha Mwalimu
Sina haja ya kuwatafutia, Mlei. Hao watano walihukumiwa na mtu mmoja mwenye daftari, kwa raha zake, katika nchi ambayo ilikuwa ya mfalme kwa nusu karne. Niulize nani aliilipia miaka ile 20 ya farasi, chakula na mawe iliyomfanya askofu wa Pamiers aweze kuketi na kumwita mtu yeyote mbele yake.